Kinanda cha Mmarekani

"Mama, mzee yuko karibu?"

"Anaoga. Mimi ni mkewe, sema tu."

"Basi mwambie Mbarak amepiga, fundi wa mjini. Kinanda chake cha santuri nimeshakifungua. Mota imeungua, haina dawa. Lakini nimepata nyingine, mota ya huku kwetu. Nikikitia hiyo, kinanda kitapona. Tena kitapona na ugonjwa ambao hata yeye hakujua kinao."

"Ugonjwa gani?"

"Kinanda kile kilikuja na Mmarekani, sivyo?"

"Ndiyo. Mungai alikuwa anamlimia bustani kule Muthangari. Akirudi kwao akamwachia."

"Nilijua. Sasa sikiza mama. Walikitilia transfoma ili stima ya hapa isikiunguze, wakadhani wamemaliza. Transfoma hupunguza nguvu tu, mwendo haiugusi. Stima ya Marekani ina mapigo yake, ya hapa ina yake, na mota ile hufuata mapigo. Yetu ni ya polepole. Kwa hivyo tangu kinanda kifike mikononi mwenu kinajikokota. Kila wimbo mliosikia mle ulitoka mzito kuliko ulivyoimbwa."

Hannah alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Magoti yalikuwa yanamuuma tangu asubuhi, lakini si magoti yaliyomkalisha.

"Mzito namna gani?"

"Mzito haswa! Msichana wa sauti nyembamba mle ndani anatoka mama mzima." Mbarak akacheka. "Anatoka na sauti nene kama hiyo yako, mama, usinikasirikie."

"Sijakasirika. Na tukinunua kipya?"

"Kipya chochote cha dukani kitazunguka sawasawa. Hapo hakuna tofauti. Mzee achague tu, atengeneze au anunue."

Alikata simu akabaki ameishika. Bafuni Mungai alikuwa anapiga mluzi, wimbo ule ule.

Kwa miaka thelathini na miwili Hannah amejiuliza mumewe ana masikio ya aina gani. Leo amejua. Masikio yalikuwa mazima. Kinanda ndicho kilichodanganya, na yeye akadanganya pamoja nacho.

Ilianza hivi. Mwaka wa themanini na nane mdogo wake, Everlyn, akiwa kidato cha tatu, alitoroka na wasichana wawili wakaenda studio moja ya mjini wakarekodi wimbo wa Kikuyu, wa msichana anayemngojea dereva wa lori. Kwenye lebo hakukuwa na majina, ni "Waithaka Girls" tu. Baba yao alikuwa mzee wa kanisa. Aliikuta santuri chini ya godoro, akawaita mabinti wawili sebuleni, akauliza ni nani kati yao anayeimbia walevi. Everlyn alikuwa amebakisha mwaka mmoja amalize shule, na kila mtu alijua baba akikasirika karo ndiyo inayokatwa kwanza. Hannah alikuwa ameshamaliza. Akasema, "Ni mimi."

Alichapwa. Kanisani akatengwa na meza ya Bwana miezi sita, akakalishwa benchi la nyuma peke yake kama mwenye upele. Na ndipo Mungai akaja. Alikuwa ameinunua santuri hiyo barabarani, ameicheza kwenye kinanda cha Mmarekani mpaka amerukwa na akili, na mtu akamwambia kwamba msichana mwenyewe ni yule aliyeadhibiwa na kanisa la Waithaka. Jumapili moja akaingia, akapita viti vyote vitupu, akakaa benchi la nyuma kando yake.

"Habari yako?" alimnong'oneza.

"Nzuri," Hannah alijibu.

Neno moja tu. Mungai akafumba macho.

"Ni wewe," akasema. "Hiyo ndiyo sauti."

Angemwambia siku ile. Angemwambia kesho yake. Angemwambia kabla ya mahari, kabla ya Janice kuzaliwa. Sasa alikuwa na miaka hamsini na saba, na uongo ule alikuwa ameubeba muda mrefu hata akasahau ni mzigo, akadhani ni uchovu wa kawaida.

Mungai alitoka bafuni na taulo shingoni. "Nani alikuwa anapiga?"

"Mbarak."

"Amesemaje?"

"Mota imekufa."

"Haifufuki?"

Hannah alimwangalia. Mzee wa miaka sitini na miwili, amestaafu udereva wa shule, macho yametoka kama ya mtu aliye nje ya chumba cha upasuaji.

"Amepata nyingine," akasema.

*

Janice alipigiwa siku hiyo hiyo, simu ikawekwa mezani, sauti juu.

"Dad, hiyo kitu uache iende! Nimeona mpya kwa duka hapa Ngong Road. Iko na bluetooth. Iko hadi na spika zake. Nitakununulia."

"Bluetooth ni ya nini? Santuri ina bluetooth?"

"Unaweza kucheza nyimbo za simu."

"Nyimbo za simu nitacheza kwa simu. Mimi nataka kinanda chenye besi. Vya siku hizi vina kelele tu, besi hakuna. Changu kina besi. Mama yako akianza kuimba mle ndani, dirisha linatetemeka."

"Mum, wewe unasemaje?"

Hannah alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Mimi nasema kiuzwe."

Mungai aligeuka polepole. "Kiuzwe?"

"Kama kilivyo. Kuna watu wananunua vitu vya zamani wanaweka kwa sebule kama pambo. Tunapata nafasi ya kabati."

"Kabati ya kuweka nini, Mama Janice? Tuko wawili kwa hii nyumba."

"Nafasi tu."

"Mum, uko sawa?" Janice akauliza.

"Niko sawa. Nimechoka na vumbi."

Mungai akasema na sauti imeshuka, "Hannah, nikiuza hicho kinanda nitakuwa nimeuza siku niliyokupata. Usiniambie tena hayo maneno."

Mchele ulikuwa safi zamani. Aliendelea kuuchambua.

*

Kesho yake alitia santuri kwenye kikapu, akaifunika na kanga na mkungu mdogo wa ndizi, akaenda Waithaka kwa Everlyn. Everlyn anakaa kwenye shamba la baba yao, amejenga vyumba vya kupangisha mbele, nyuma amebakisha ng'ombe wawili. Alimkuta anakamua.

"Hannah! Umetembea na miguu hiyo? Si ungepiga simu?"

"Haya si ya simu. Nifichie kitu."

Everlyn aliangalia ndani ya kikapu. Akaitoa santuri, akaisogeza mbali na macho kama watu wa umri wake wanavyosoma.

"Waithaka Girls," akasema. "Ngai! Kumbe bado inang'aa hivi."

"Mungai anafuta vumbi kila Jumapili. Everlyn, fundi amepata mota mpya. Itazunguka inavyotakiwa. Utatoka wewe, na sauti yako. Hiyo unayoimba nayo kila siku kwa kwaya."

Akamweleza yote: transfoma, mapigo, Mmarekani. Everlyn alisikiliza mkono ukiwa bado kwa ng'ombe. Hannah alipomaliza, Everlyn alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kwa hivyo ndiyo maana."

"Ndiyo maana."

"Mimi nilikuwa nafikiria labda ni mapenzi. Nasema, huyu mtu amempenda dada yangu mpaka masikio yamekubali uongo. Kumbe ni mota!"

"Nifichie. Nitasema imepotea."

"Hapana."

"Everlyn."

"Nimesema hapana, Hannah. Kaa hapo kwa ndoo, nikuambie kitu." Alifuta mikono kwenye aproni. "Ulinipigania. Nilimaliza shule kwa ajili yako, nikapata kazi, nikajenga hizi nyumba. Hilo silisahau hata nikizeeka akili. Ndiyo nikakaa kimya. Lakini unajua bwanako ananiambia nini kila Krismasi?"

Hannah alijua. Aliangalia chini.

"Ananiambia, 'Shemeji, Mungu aligawa vibaya. Dada yako alipewa sauti, wewe ukapewa filimbi ya refarii.' Watoto wangu wanacheka. Na mimi nacheka. Miaka thelathini nacheka. Na huo wimbo wangu sijausikia tangu siku tuliyotoka studio, kwa sababu nikija kwenu akiuweka naenda jikoni. Nilikuwa nafikiria nikikaa pale uso utasema."

"Ningefanya nini?"

"Sijui. Mimi sikulaumu. Lakini nimechoka kama wewe umechoka. Rudi nayo."

"Ataniacha."

"Mungai aende wapi na miaka sitini na mbili?"

"Kuna kuondoka na kuna kuondoka, Everlyn. Anaweza kukaa pale pale kwa kiti chake na asiwe hapo tena."

Everlyn aliinuka. Alimrudishia kikapu, akamtilia maziwa kwenye chupa, akamsindikiza hadi langoni akimshika mkono kama mgonjwa.

*

Simu ya Mbarak ilikuja Alhamisi: kinanda tayari. Hannah alijaribu kusema magoti, akajaribu kusema mkutano wa akina mama. Mungai alikuwa ameshavaa koti.

"Hukai nyuma leo. Wewe ndiye mwenye sauti. Nataka Mbarak akuone na macho yake."

Duka la Mbarak liko ghorofa ya kwanza, kichochoro cha nyuma ya River Road, juu ya watu wanaouza mabegi. Redio zimepangwa hadi darini. Mbarak mwenyewe ni mzee wa Mombasa, kofia nyeupe, miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso.

"Karibu Bwana Mungai. Karibu mama. Ketini hapo, ondoeni hiyo spika."

Kinanda kilikuwa kimepanguswa hadi mbao zinang'aa. Mungai alikizunguka mara mbili bila kukigusa.

"Mbarak, umefanya kazi."

"Bado hujasikia. Umekuja na santuri?"

Mungai aliitoa ndani ya koti. Hannah alitazama mkono wa fundi ukiinua sindano na kuishusha. Alitaka kuomba, lakini hakujua aombe nini.

Gitaa likaingia, jepesi, linakimbia. Mungai akakunja uso. Halafu sauti ikaja. Nyembamba, ya juu, tamu kwa namna yake, ya msichana wa miaka kumi na saba ambaye hajawahi kungojea dereva yeyote wa lori.

Mungai alisikiliza ubeti mmoja. Akainua mkono.

"Zima. Zima hiyo kitu."

"Kuna nini?"

"Umekiharibu. Kinakimbia."

"Hakikimbii, bwana. Ndiyo mwendo wake. Nilimweleza mama kwa simu—"

"Mwendo gani? Huyo ni paka! Mbarak, mimi huu wimbo naujua kuliko jina langu. Huyo anayeimba ni mke wangu, amekaa hapo. Muulize kitu akujibu. Hiyo ni sauti yake?"

Mbarak alimwangalia Hannah, akamwangalia Mungai, akavua miwani ya machoni akavaa ya paji.

"Bwana Mungai, mimi sijui nani ni nani. Mimi najua mota." Akakata kipande cha plasta nyeupe akakibandika kwenye sahani ya kinanda. "Santuri ndogo kama hii huzunguka mara arobaini na tano kwa dakika. Hesabu wewe, mimi nishike saa. Kila plasta ikipita hapa, moja."

Mungai alihesabu kwa sauti, kwa hasira, kama mtu anayehesabu makosa ya mwenzake. Akafika arobaini na tano.

"Dakika," akasema Mbarak.

"Hiyo saa yako ni mbovu."

"Chukua yako."

"Sichukui kitu! Nimekuletea kinanda chenye besi, umenirudishia kitoto. Umetoa mota ya Mmarekani umeuza, umenitilia takataka. Na nitashuka hapo chini nimwambie kila mtu wa hii lane Mbarak ni mwizi. Wajue!"

Mlangoni watu wawili walikuwa wameshasimama. Mbarak alishusha mikono. Hakupiga kelele.

"Miaka thelathini na nane niko chumba hiki," alisema. "Hujui unalolisema, lakini umelisema mbele ya watu."

Hannah aliwaona wale wawili wa mlangoni wakimkagua fundi kama mwizi. Na hapo kitu ndani yake kikakaa chini, kama mama aliyesimama siku nzima.

"Baba Janice, mwache mzee wa watu. Kinanda kiko sawa."

"Wewe usimtetee. Si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia. Si mimi ninayeimba."

"Ndiyo ninamwambia! Si wewe!"

"Si mimi hata siku zile. Sijawahi kuimba kwa santuri yoyote. Huyo ni Everlyn."

Mungai hakumwangalia. Alikiangalia kinanda, ambacho kilikuwa bado kinazunguka, plasta ikipita, ikipita.

"Everlyn gani?"

"Tuna wangapi?"

"Everlyn shemeji?"

"Ndiyo."

"Mwenye..." Hakumalizia. Neno filimbi lilimkwama. Mbarak alinyoosha mkono polepole akazima. Wale wawili wa mlangoni wakakumbuka shughuli zao.

"Ulijua?" Mungai akauliza. Swali la kijinga, na alijua ni la kijinga.

"Nilijua."

Akachukua kofia yake. Akamgeukia fundi. "Mbarak, nisamehe. Nimekutukana bure." Akatoka. Miguu yake ilisikika ngazi hadi ngazi, bila haraka, mpaka ikamezwa na kelele za barabara.

"Mama, ngoja nikuagizie kahawa," akasema Mbarak.

"Sitaki kahawa, baba. Nataka kukaa tu hapa kidogo."

"Kaa. Kaa utakavyo."

*

Alipofika nyumbani Dagoretti Corner saa saba mchana, Mungai hakuwepo. Alimpigia, simu ikalia bila kujibiwa. Akamwandikia:

"Uko wapi? Sikuombi urudi. Niambie tu uko salama."

Hakuna jibu. Saa nane kasorobo simu ikatetemeka. Ni Everlyn.

"Yuko huku. Amekaa kwa jiko. Hajasema kitu bado. Nimempa githeri."

Hannah aliusoma mara tatu. Kwa hiyo ameenda. Amejua sauti ni ya nani, na miguu imempeleka huko huko, kama ilivyompeleka kwenye benchi la kanisa. Akaandika, "Mwambie chochote atakachouliza." Akaongeza, "Usinitetee." Akatuma.

Janice naye akapiga.

"Mum, dad amenitumia message ati nisinunue kinanda bado, niulize mama yangu kwa nini. Kwa nini?"

"Nitakuambia Jumamosi ukija."

"Mum, mmekosana?"

"Jumamosi, Janice. Leo sina nguvu."

Alifua. Akapiga pasi nguo ambazo hazikuhitaji pasi. Aliwaza juu ya chumba cha Janice, kama kitanda kile kingemfaa Mungai, na nani kati yao angehamia.

Saa kumi na moja geti likalia. Mungai aliingia kwa mlango wa jikoni, akakaa kwenye stuli, akaanza kufungua viatu. Vilikuwa na udongo wa Waithaka.

"Umekula?" Hannah akauliza, kwa sababu ndilo swali pekee lililokuwa karibu.

"Nimekula kwa dada yako."

"Amekueleza?"

"Ameeleza. Baba yenu, karo, benchi. Yote." Kiatu kimoja kikatoka. "Nilimwomba aimbe."

Hannah alishika meza ya kupigia pasi kwa mikono miwili.

"Akaimba?"

"Alikataa kwanza. Halafu akaimba akiwa anachuja maziwa. Wote, mpaka mwisho. Na mimi nimekaa pale nangoja. Nilisema moyoni, Mungai, leo ndiyo utajua ulioa nani na uliacha nani. Nikangoja moyo uruke."

"Ukaruka?"

"Nilisikia shemeji anaimba. Anaimba vizuri. Lakini shemeji."

Hannah aliachilia pumzi.

"Usifurahi," Mungai akasema. "Sijamaliza."

"Sijafurahi."

"Miaka thelathini na miwili, Hannah. Nimesimama kwa harusi za watu nikaeleza. Nimemweleza pasta. Nimewaeleza wazee waliokuja kwa ajili ya Janice. Nikasema, mke wangu mnamwona hivyo, ana santuri. Na wewe uko hapo unamimina chai!"

"Mkono ulikuwa unatetemeka."

"Chai haikuwahi kumwagika."

Hannah alichomoa waya wa pasi ukutani.

"Na Everlyn," Mungai akaendelea. "Nimemcheka mbele ya watoto wake. Nimeomba msamaha leo, na nusu ya ule msamaha ilikuwa yako. Nimeibeba tu."

"Nitaenda mwenyewe."

"Utaenda. Na Janice utamwambia wewe, si mimi. Na ile Krismasi utasimama useme."

"Nitasema."

"Kwa nini hukuniambia? Sio mwaka wa kwanza. Huo naelewa. Mwaka wa kumi. Mwaka wa ishirini."

"Kwa sababu ulikuja kutafuta sauti. Kila Jumapili nilikuwa naona unavyokaa ukisikiliza. Nikasema, akijua, hatanifukuza, yeye si mtu wa kufukuza. Ataendelea kununua unga, ataendelea kuuliza magoti yangu yakoje. Lakini Jumapili atakuwa anakaa akisikiliza mtu mwingine. Hapo ningefanya nini? Niliogopa, Mungai. Halafu nikachoka kuogopa, lakini nikawa nimezoea."

Kiatu cha pili kikatoka. Alikishika mkononi bila kukiweka chini.

"Kinanda kinaenda kwa Everlyn," akasema. "Na hiyo mota mpya. Na santuri. Ni yake."

"Sawa."

"Mbarak nitamlipa kesho, nimuombe radhi tena wale watu wa mlangoni wakiwepo."

"Na sisi? Janice anunue kile kipya?"

"Anunue asinunue. Mimi nimechoka na vinanda."

Jirani alikuwa anawapigia kuku wake kelele waingie.

"Nimetembea kutoka Waithaka hadi hapa," Mungai akasema. "Nikawa nafikiria. Hiyo sauti niliyokuwa naisikia kwa nyumba ya Mmarekani, ile nzito, hakuna mtu aliyeiimba. Everlyn hajawahi kuwa nayo. Ilikuwa ni mashine imekosea. Ningeitafuta maisha yangu yote nisiipate, kwa sababu haiko duniani." Akaweka kiatu chini. "Halafu nikaingia kanisa la Waithaka, nikakusalimu, ukasema, 'Nzuri.' Na ikawa iko."

Hannah aligeuza uso upande wa dirisha.

"Bado nimekasirika," akasema Mungai. "Nitakasirika kama wiki mbili. Usiniulize kila siku kama imeisha."

"Sitauliza."

"Na chai leo nitamimina mwenyewe."

Kabla hajainuka, mita ya stima ikaanza kulia kwenye kona, pi, pi, pi, ile kelele ya stima kuisha. Wote wawili waliiangalia kwa uchovu mmoja.

"Ulinunua tokeni?" Mungai akauliza.

"Asubuhi. Ziko kwa simu."

Akainuka akaiendea mita, akachuchumaa, akaweka kidole tayari.

"Nisomee."

Hannah alivaa miwani, akafungua ujumbe. Namba ishirini, zimepangwa nne nne. Akaanza kusoma, na sauti yake ilikuwa nzito, imekwaruzwa na siku ile.

"Tatu, sifuri, nane, nane."

Kidole kikabonyeza mara nne, kikasimama.

"Endelea," akasema Mungai bila kugeuka. "Lakini polepole."